Wiki mbili tulizompumzisha mama

Asubuhi ya tarehe 6 Januari mama yangu alishindwa kuinuka kwenye kiti.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Hakuniona. Alijisogeza mpaka ukingoni mwa kochi, akashika mikono ya kochi kwa vidole vyote kumi, akasukuma. Ndala zake zikakwaruza sakafu, kiuno kikapanda kama upana wa kiganja hivi, kisha kikarudi chini taratibu. Akapumua. Akasukuma tena. Mara ya tatu niliona viwiko vinatetemeka, na midomo ameibana kama mtu anayefungua chupa iliyokaza mfuniko. Mara ya nne hakujaribu. Aligeuka, akaniona, akasema, "Nipe mkono."

Mama ana miaka 82. Amezaa watoto sita na kumzika mume, na kihamba, shamba letu la migomba huko Kibosho, mlimani Kilimanjaro, amekilima mwenyewe tangu baba alipofariki. Maneno hayo mawili sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

Nilimpa mkono, akasimama, tukaenda chooni polepole. Mchana nikapanda gari kurudi Arusha kwa sababu ruhusa yangu ya kazi ilikuwa imeisha. Kuanzia Boma Ng'ombe mpaka Usa River nilikuwa naona kitu kimoja tu: kiuno kinapanda upana wa kiganja, kinarudi chini.

Maana tarehe 20 Desemba, siku niliyofika, mama alinipokea kwenye kona ya barabara. Alikuwa ametembea mwenyewe.

Hilo ndilo limenikosesha usingizi wiki zote hizi. Sijauliza sana kwa nini mama amezeeka. Ninachojiuliza ni nini kilitokea kati ya tarehe 20 Desemba na tarehe 6 Januari, na nani alikifanya.

## Siku ya mundu

Ili mnielewe inabidi nirudi mwezi wa nane.

Nilikuwa na shughuli Moshi mjini, ikaisha mapema, nikapanda gari la Kibosho bila kumpigia mtu simu. Nyumba ilikuwa kimya. Nikasikia mundu unakata majani huko chini kwenye migomba. Nikashuka. Mama alikuwa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji, ameinama, anawakatia mbuzi majani. Daraja lenyewe ni magogo mawili, na maji yalikuwa yamejaa. Binti anayeishi naye (sitamtaja jina, hajaniruhusu) alikuwa amesimama upande wa juu, mikono mitupu, anatazama.

Anatazama tu!

Kabla hata sijamwamkia mama, nilimgeukia yule binti. Nilimwambia tunamlipa amwangalie mama yetu, siyo amtume kazi. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Akainamisha macho, "Samahani, dada." Mama akavuka magogo peke yake, hatua za ubavuubavu, mundu ameuweka begani, akasema mbele ya yule binti, "Aliyetaka kwenda ni mimi."

Sikumsikiliza. Jioni nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, kaka mkubwa akajibu kwa orodha: mama asishike mundu, asichanje kuni, asishuke mfongoni, asimenye ndizi kwa kisu. Wote sita tukaafiki ndani ya nusu saa. Nikamsomea binti ile orodha kwa simu. Akasema sawa.

Nililala vizuri usiku ule. Nilihisi nimemlinda mama yangu.

## Kochi

Tarehe 22 Desemba binti alipanda basi kwenda kwao Singida. Miaka mitatu amekaa na mama, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kwao kwa zaidi ya siku nne.

Sisi tukajaa nyumbani, watu 19 pamoja na watoto. Ninyi wa huku mnajua Desemba ilivyo, sina haja ya kueleza. Kaka alikuja na kochi jipya nyuma ya pikapu, kubwa, laini, la kuzama. Tukaliweka chini ya dirisha. Kiti cha mama cha mbao, chenye kamba za kusuka ambazo baba alizibadilisha mara mbili enzi za uhai wake, kikaenda stoo.

Kuanzia hapo mama hakuruhusiwa kugusa kitu. Chakula kwenye sinia, maji ya kunawa kwenye beseni, maji ya kuoga kwenye ndoo mpaka mlangoni. Akitaka kitenge, mjukuu anakimbia. Akitaka kuona mbuzi, mjukuu anampiga mbuzi picha na kumletea simu. Neno lililosemwa zaidi ya yote nyumba ile kwa siku 15 lilikuwa "Mama, pumzika," na nadhani mimi ndiye niliyelisema mara nyingi kuliko wote.

Tulimpenda kwa nguvu zetu zote. Naliandika hili bila kuliongezea chochote, maana ni kweli.

Baada ya mwaka mpya akaanza kubadilika. Alipata mafua, mmoja wetu akanunua vidonge kwenye duka la dawa pale barabarani. Mwingine akamwongezea diklofenaki kwa ajili ya goti. Usiku wa tarehe 2 aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akauliza kwa nini mlango wa zizi umehamishwa. Asubuhi tukanong'onezana jikoni. "Ni umri," tukasema. Shemeji akasema bibi yake alianza hivyo hivyo. Nilikaa kwenye kuni nikalia.

Halafu ikaja asubuhi ya tarehe 6.

## Maswali matatu

Binti alirudi tarehe 8. Mimi nilipanda tena Jumamosi ya tarehe 10, nikiwa nimejiandaa kumweleza kwa upole kwamba bibi sasa ni mtu wa kitandani, na kazi itaongezeka.

Hakunipa nafasi. Aliniamkia, akanikaribisha, akaniuliza maswali matatu moja baada ya jingine, na sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo.

"Dada, kiti cha bibi kiko wapi?"

"Nani alimpa bibi vidonge vya mafua?"

"Na saa kumi jioni, bibi alikuwa anakunywa nini?"

La kwanza nilijibu kwa kidole, kuelekea stoo. La pili nilitaja jina la ndugu yangu. Akaniambia yeye hampi vile vidonge, maana mwaka juzi alimpa kimoja na bibi alizunguka usiku kucha akitafuta mlango.

La tatu sikulielewa kabisa.

Akanieleza. Choo kiko nje, hatua kama 20 kutoka mlango wa nyuma. Bibi hanywi kitu kuanzia saa kumi jioni kama hana uhakika kuna mtu wa kumwamsha usiku. Binti aliligundua hilo mwezi wake wa kwanza tu, alipoona midomo imekauka na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Ndipo akahamishia godoro lake chumba cha pili, wakakubaliana: bibi akigonga ukuta mara mbili kwa fimbo, yeye anawasha tochi. Na kila siku saa kumi anamkalisha na kikombe kikubwa mpaka kiishe. Ni makubaliano ya watu wawili. Hakuna aliyewahi kutuambia kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Nilimfuata mama chumbani nikamuuliza kama siku zote zile za Krismasi hakuwa anakunywa maji jioni.

Alitazama mikono yake muda mrefu.

"Mlikuwa mmechoka na safari," akasema. "Mlikuwa wageni."

Sisi. Watoto wake sita.

## Vijiti vinne

Jumatatu tulimpeleka hospitali mjini, mimi na binti. Nilitaka kwenda peke yangu na mama. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu karibu kila alichouliza daktari, aliyekuwa na jibu ni binti: presha ya kawaida ya mama ni ngapi, amepata choo lini, dawa ipi anakunywa asubuhi na ipi jioni, alianguka mara ya mwisho mwezi gani (wa tatu mwaka jana, mlango wa jikoni, hakuumia). Mimi nilijua tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya kadi.

Binti alikuwa amebeba dawa zote za nyumba ndani ya mfuko mmoja. Zote, hata zile zilizobaki za marehemu baba. Daktari alizimwaga mezani akaanza kuzitenga. Kile kidonge cha njano cha mafua, klofeniramini, sisi tunakiita piritoni, akakisukumia pembeni. Alisema kwa mtu wa umri huu dawa za namna ile huweza kukausha kinywa, kuziba mkojo, kuvuruga akili na kumwangusha. Diklofenaki nayo akaiweka huko huko: hupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha. Vyote viwili vinauzwa kila kona, na vyote viwili tulimpa kwa mikono yetu wiki ile ile tuliyokuwa tunanong'onezana kuhusu umri.

Kisha akampima presha amelala, akamsimamisha, akampima tena. Ya juu ilishuka kutoka 136 mpaka 110. Alisema ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, hapo ndipo kizunguzungu na kuanguka hutoka, na upungufu wa maji ni moja ya sababu za kwanza za kutazama. Nikakumbuka ile saa kumi jioni.

Niliuliza kuhusu akili yake. Sauti ilinitoka ndogo.

Wakampima siku hiyo hiyo, maana vidonge vilikuwa vimekwisha kusimamishwa siku kadhaa na alikuwa ameanza kunywa. Walimuuliza maswali mafupi, wakampa maneno ya kukumbuka, kisha wakamwekea mezani vijiti vinne vya kiberiti vilivyopangwa umbo fulani, wakampa vinne vyake apange vivyo hivyo. Mama aliishia darasa la nne na hapendi kushika kalamu. Lakini vijiti alivipanga huku anaongea habari za mbuzi.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba kipimo kile kimezaliwa hapa hapa, ng'ambo tu ya mto, wilaya ya Hai. Vipimo vya kizungu vinamtaka mzee achore, asome, aandike. Mzee ambaye hakusoma anaonekana mgonjwa hata kama ni mzima. Watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, na wenzao wa Uingereza wakatengeneza cha kwao kinachotumia vitu ambavyo kila mzee amevishika, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Kabla ya hapo walikuwa wamewapima wazee wa vijiji vya Hai wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Yaani ni ugonjwa, na upo, na unaumiza familia nyingi za mlima huu. Lakini wengi zaidi hawana. Mama hana. Sisi tulikuwa tumeshamhukumu jikoni, tumekaa juu ya kuni.

Mwisho kabisa mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamletea kiti cha kawaida kisichoegemeza mikono. "Mama, kunja mikono kifuani. Simama, kaa, simama, kaa, mpaka niseme basi." Nusu dakika. Kwa mwanamke wa miaka 80 hadi 84, chini ya mara 9 ni ishara kwamba anaweza kuanguka.

Mama hakuweza hata moja bila kujisukuma kwa mikono. Na ukisukuma kwa mikono, unaandikiwa sufuri.

Mtaalamu akauliza, "Desemba alikuwaje?"

Binti akajibu, "Alikuwa anavuka mfongo."

## Gogo la tatu

Niligeuka kumtazama. Desemba? Na ile orodha ya mwezi wa nane?

Hakukwepa. Alisema aliisikiliza orodha yote, akaona kwamba akiifuata bibi ataganda. Hilo ndilo neno alilotumia, ataganda. Bibi yake mwenyewe, kule Singida, aliwekwa chini ya mwembe na wanawe waliorudi kutoka mjini, na msimu wa mvua uliofuata hakunyanyuka tena.

Tuliporudi nilishuka mfongoni peke yangu.

Magogo yalikuwa matatu. Lile la tatu lilikuwa limechongwa juu liwe bapa, na ubavuni kulikuwa na fito ndefu iliyofungwa kwenye vigingi viwili, usawa wa kiuno cha mama. Niliishika. Sehemu ya katikati ilikuwa laini, imeng'aa, kama mpini wa jembe la siku nyingi. Mkono wa mama ulikuwa umepita pale kila siku tangu mwezi wa tisa.

Sisi tulitoa amri kutoka Arusha, Dar es Salaam na Mwanza. Yeye alimtafutia mama njia ya kupita.

Nikaelewa na lile la mwezi wa nane. Mahali aliposimama siku ile, upande wa juu, mikono mitupu: ukisimama pale unafika kwenye magogo kwa hatua mbili. Ungekuwa umebeba mzigo usingeweza kumdaka mtu. Alikuwa kazini. Alikuwa anaifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya mimi, nami nikamfokea mbele ya mama.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ambao sasa siwezi kuusahau. Walichukua kundi dogo la wazee wenye afya yao, wakawalaza kitandani siku 10 tu. Walipowapima, miguu ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku 10. Mama hakulala, alikaa, lakini alikaa siku 15 kwenye kiti kisichomtaka afanye lolote, na kila alipotaka kufanya, mmoja wetu alimkimbilia.

## Isale

Jioni ile nilimwambia mama kwamba nataka kumwomba binti radhi.

"Usiende mikono mitupu," akasema.

Alinituma mpakani mwa kihamba nikachume jani la isale. Akalishika, akalifunga fundo mwenyewe, vidole vyake havikutetemeka, akanirudishia. Nililipeleka jikoni. Binti alikuwa anachochea mtori. Kwao hakuna isale, kwa hiyo aliuliza linatumika kwa nini, na nikajikuta mimi, mtu mzima, natafuta maneno. Mama akamweleza kutoka sebuleni, kwa sauti ya juu: huku kwetu ukiletewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe, hata kama umemwagiwa damu.

Alilipokea kwa mikono miwili. Tulilia wote wawili, mtori ukaanza kushika chini.

Huo mtori nao nilikuwa siujui. Nilizoea kuona nyama ndani yake kwa vipande. Binti anaichemsha mpaka ilainike, anaitwanga, ndipo anaichanganya na ndizi. Nilidhani ni kwa ajili ya meno. Akasema ni kwa ajili ya wajukuu wa jirani: nyama ikiwa vipande bibi anaiokota na kuwagawia watoto wote waliopo, yeye anabaki na ndizi tupu. Mtaalamu wa lishe pale hospitali alituambia mzee anahitaji walau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ikifika 1.2 vizuri zaidi, zaidi ya kijana. Mama ana kilo 54. Yai moja lina kama gramu 6. Ukipiga hesabu ya chai, mkate, uji na ndizi, unaona jinsi mzee anavyoweza kushiba kila siku na miguu ikaendelea kuisha.

## Ninachoogopa bado

Sitaki kuandika kana kwamba hofu yangu ilikuwa ya kijinga.

Jirani yetu wa juu, rika moja na mama, aliteleza kwenye migomba msimu wa masika, akavunjika nyonga. Aliishi miezi saba baada ya hapo, na miezi yote saba ilikuwa ya maumivu. Nilimtembelea. Ninapomwona mama ameshika ile fito, namwona na yule mama.

Nilimuuliza binti kama yeye haogopi. "Naogopa sana, dada. Ndiyo maana nasimama pale."

Kwa hiyo tumekubaliana mambo, na safari hii mama alikuwepo na ndiye aliyeongea kwanza. Mvua ikinyesha hakuna kushuka. Mundu atatumia kwa majani ya huku juu tu. Kisu cha ndizi ni chake, asinyang'anywe na mtu yeyote. Kaka aliumia kuhusu kochi, nikamwelewa, alilinunua kwa moyo. Fundi amelipachika miguu mirefu ya mbao na kuweka ubao chini ya mto, sasa ukilikalia huzami. Lakini kiti cha baba kimerudi dirishani, na hicho ndicho mama anachokalia.

Mazoezi anafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kama wanavyoshauri Shirika la Afya Duniani kwa watu wa miaka 65 na kuendelea: siku 3 au zaidi kwa wiki za kuimarisha nguvu na kusimama sawasawa. Kwetu maana yake ni kusimama na kukaa, kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza, kutembea kisigino mbele ya vidole mpaka zizini. Binti anahesabu, mama anabisha hesabu. Mwisho wa Januari aliweza mara 2 bila mikono. Mwisho wa Februari 5. Jumamosi iliyopita 7.

Hajafika 9. Sijui kama atafika.

## Siku 28

Kuna jambo jingine, na hili ni letu sisi watoto.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kila mwaka, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Binti huyu kwa miaka mitatu aliamka usiku mara mbili, mara tatu, kila siku, na hatukuwahi kuihesabu kama kazi. Mgongo unamuuma. Aliniambia nilipomuuliza, na nilimuuliza mwezi wa kwanza mwaka huu kwa mara ya kwanza. Kundi la familia lina ujumbe usiohesabika kuhusu afya ya mama. Nilirudi nyuma nikatafuta ujumbe hata mmoja kuhusu afya yake yeye. Sikuupata.

Mshahara tumeupandisha. Jumapili ni yake. Mwezi wa saba anakwenda kwao siku 28 kamili, na kila mmoja wetu amechukua siku zake, siyo wote kwa mpigo tukajaza nyumba, bali mmoja mmoja, baada ya kufundishwa naye kwanza.

Mimi nilianza mafunzo yangu wikiendi iliyopita. Binti alikwenda Moshi mjini kulala kwa rafiki yake, mara yake ya kwanza, akaniachia maelekezo manne na namba yake ya simu.

Mama alimenya ndizi za mtori kwa dakika 40. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Mara mbili nilinyanyuka kuchukua kile kisu, mara mbili nikakaa. Maganda yalianguka kwenye beseni moja moja, marefu, bila kukatika. Saa kumi nikampa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Alikitazama, akanitazama.

"Utalala wapi?" akauliza.

"Chumba cha pili, mama. Kwenye godoro la binti."

"Tochi unayo?"

Nikamwonyesha. Akanywa nusu, akapumzika, akamalizia.

Nililala na nguo. Nilisikia mbwa wa jirani, nikasikia mfongo, nikasikia migomba inagusa bati. Nadhani nilisinzia. Saa 8 na dakika 10 usiku, ukuta ukagongwa mara mbili.